Dada, Hii Siyo Niliyoagiza

"Dada, hii siyo niliyoagiza." Ujumbe wenyewe ndio huo, maneno manne, na mara nyingi huingia Jumatatu asubuhi. Gauni lilitoka Kariakoo Jumatano, likapanda basi la alfajiri la Alhamisi kwenda Mbeya, likapokelewa usiku ule ule. Ijumaa kimya. Jumamosi ilikuwa sendoff. Jumapili watu wamelala. Jumatatu ndipo mteja anagundua kwamba yeye aliagiza kijani cha chupa na kaletewa kijani kingine, na sasa anataka arudishiwe elfu themanini na tano zake, pamoja na nauli ya mzigo.

Leo nazungumza na nyinyi mnaouza kwa simu: wa Instagram, wa status za WhatsApp, wenye meza moja ya mapazia na wenye mawigi yaliyojaa chumbani hadi mume hana pa kuweka viatu. Nataka tuzungumze kuhusu mteja anayedai umemletea kitu siyo, ilhali wewe unajua, au unaamini unajua, kwamba ulimpelekea kile kile alichoagiza.

Nimesema "unaamini unajua" kwa makusudi. Biashara ya mtandaoni ya Dar es Salaam inabebwa kwa kiasi kikubwa na mawinga, na winga kwa kawaida hana mzigo wake. Anapita madukani asubuhi, anapiga picha, anapandisha mtandaoni, na oda ikiingia ndipo anarudi dukani kuchukua. Katikati hapo, kile alichopiga picha kimeshauzwa. Mwenye duka anamwambia, "Chukua hii, ni ile ile, tofauti kidogo tu mkononi." Winga anafunga, anatuma. Mteja wa Mbeya akilalamika, winga anaapa kwa Mungu kwamba kapeleka chenyewe, na hasemi uongo. Hajui tu alichopeleka. Kwa hiyo kabla hujamwita mtu tapeli, kaa chini na ujiulize kama gauni lile ulilishika wewe mwenyewe, ukalikunjua, ukasoma saizi yake. Kama hukufanya hivyo, huna kesi. Lipa, na ujifunze.

Kuna na mkono wa tatu ambao tunausahau. Mzigo umepita kwa boda hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi, umepita kwa mpokea mizigo wa ofisi ya basi, umelala kwenye buti na mizigo ya watu hamsini, umeshushwa usiku, umekaa kaunta hadi mwenyewe alipokuja. Mfuko wa nailoni uliofungwa fundo moja unafunguliwa na kufungwa tena bila kuacha dalili. Simu mpya ikageuka kuwa simu kuukuu njiani, mteja analia kweli na muuzaji naye analia kweli, na aliyechukua anakula chipsi.

Haya, tuwaondoe hao wawili. Tubaki na mwongo mwenyewe, yule aliyevaa gauni, akacheza, akapigwa picha, kisha akakumbuka kwamba rangi siyo.

Nguvu anaipata wapi? Tuangalie wenzetu kwanza. Kwenye soko kama eBay, lililoanza Marekani mwaka 1995, mnunuzi akidai kaletewa kitu kisicholingana na maelezo, kesi inafunguliwa ndani ya mfumo wenyewe. Muuzaji ana siku tatu za kazi za kulimaliza na mnunuzi. Likishindikana eBay wanaingia kuamua, na pesa inaweza kutolewa kwa muuzaji apende asipende. Tangu mwaka 2008 muuzaji haruhusiwi hata kumwekea mnunuzi alama mbaya. Mswahili mwenzetu anayeuza vikapu na kanga akiwa Ulaya anaujua mfumo huo, na analalamika kwamba mwamuzi amekaa upande mmoja.

Huku kwetu Instagram hakuna mwamuzi. Pesa imeingia kwa muuzaji kabla mzigo haujafungwa, tena "tuma na ya kutolea". Kwa hesabu ya kawaida mwenye nguvu angekuwa muuzaji. Mbona basi anatetemeka akisoma ujumbe wa Jumatatu? Kwa sababu mteja ameshika kitu kingine: jina la duka. Akienda chini ya picha yako akaandika "huyu tapeli, kaniletea kitu siyo na hajibu meseji," watu watamwamini yeye. Na wana haki ya kumwamini. Wameliwa mno. Wameagiza viatu wakaletewa kandambili, wameagiza blenda wakaletewa ukimya, wamepandishiwa picha ya gauni la mwanamitindo wa Uturuki wakaletewa kitu kilichoshonwa kama neti ya mbu. Mteja mwongo anavuna shamba lililolimwa na wauzaji matapeli. Kila muuzaji anayeweka picha aliyoiokota mtandaoni badala ya picha ya mzigo wake anampa mwongo huyu ushahidi, kwa sababu mteja akisema "haifanani na picha," kweli haifanani, hata angekuwa hakuletewa kitu kingine.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, maana ushauri mwingi ninaousikia unaanzia mahali ambapo mambo yameshaharibika. Watu wanafundishana namna ya kujibu. Namna ya kujibu ina faida yake, tutaifikia. Lakini ugomvi huu unaamuliwa wakati mzigo uko bado mezani kwako, haujatiwa gundi.

Piga picha ya kitu chenyewe kinachoondoka. Siyo kinachofanana nacho: chenyewe. Gauni lionekane mbele, nyuma, na lebo ya saizi. Kama ni simu, bonyeza nyota, reli, sifuri sita, reli, zitokee namba zile kumi na tano, zipigwe picha pamoja na namba za kwenye boksi. Halafu piga video fupi ukifunga: kitu, karatasi yenye jina la mteja na tarehe, kinaingia kwenye mfuko, seloteipu inapita, unatia sahihi yako kwa kalamu nene juu ya maungio ya seloteipu. Sahihi hiyo ni ya yule wa mkono wa tatu. Akifungua, hawezi kuirudisha ilivyokaa. Video hii usiirushe kwenye status kama tangazo. Mtumie mteja mwenyewe kabla boda hajaondoka, umwandikie: "Dada, gauni lako ndilo hili, kijani, saizi 14, naomba uthibitishe nifunge." Akijibu "sawa, ndiyo hilo," umemaliza nusu ya kazi. Mteja mkweli anafurahi, anajisikia kuhudumiwa. Mwenye mpango wake anajua kwamba duka hili lina kumbukumbu, na mara nyingi anahamia kwa jirani.

Kwa nguo za sherehe kuna dawa nyingine, na naipenda kwa sababu haihitaji maneno mengi. Funga lebo kubwa ya duka mahali ambapo mtu hawezi kuvaa gauni hadharani bila kuikata, kifuani au begani, kisha andika kwenye masharti yako kwamba lebo ikikatwa nguo hairudi. Mtu anajaribisha nyumbani mbele ya kioo bila shida. Kwenda nayo ukumbini ikiwa inaning'inia haiwezekani. Na ndani ya pindo weka alama yako ya siri, uzi wa rangi tofauti, mishono michache, mahali unapopajua wewe peke yako. Hiyo ni kwa yule anayerudisha gauni, lakini siyo lako: anabaki na zuri, anakurudishia la zamani la dada yake.

Mizigo ya mjini ina nafuu. Boda anasimama mlangoni, mteja anafungua, anaangalia, ndipo boda anaondoka. Boda wengine hawataki kusubiri, wana haraka ya safari nyingine. Mwongezee elfu moja asubiri. Kwa mikoani, mwombe mteja afungue pale pale kaunta ya basi, au apige video akifungua kuanzia sahihi ya seloteipu hadi kitu chenyewe, bila kukata. Sharti hilo liwekwe wazi kabla hajalipa. Ukilitaja baada ya malalamiko, linasikika kama mtego, na kweli linakuwa mtego. Kwa kitu cha bei kubwa na kidogo kwa umbo, EMS ya Posta ina faida moja ambayo watu hawaifikirii: mzigo unapimwa na uzito unaandikwa kwenye risiti, na aliyeandika siyo wewe wala mteja. Anayedai alikuta boksi tupu atueleze uzito ule ulikuwa wa nini.

Sasa ujumbe umeingia. Ufanyeje?

Usijibu kwa hasira, na usijibu kwa video yako. La pili ndilo gumu zaidi, maana umejiandaa, una ushahidi mkononi, vidole vinawasha. Subiri. Mwache aseme kwanza. "Habari dada, pole kwa usumbufu. Naomba picha ya gauni ulilopokea, mbele na kwenye lebo, na picha ya mfuko ulivyofika. Uligundua lini? Nikishaona nitakujibu leo kabla ya saa kumi na mbili jioni." Hakuna neno la kumtuhumu hapo, na hakuna neno la kukubali kosa. Unachofanya ni kumwomba aieleze habari yake akiwa hajui wewe unajua nini. Ukianza kwa kumwonyesha alama ya pindo, unampa nafasi ya kuirekebisha hadithi ilingane nayo. Akisema mfuko alishautupa, lebo ilikuwa haipo, na picha atatuma kesho kwa sababu simu haina chaji, endelea kuandika kwa upole ule ule. Akituma picha ya gauni ambalo duka lako halijawahi kuwa nalo, nalo lihifadhi.

Kisha angalia anachokitaka. Hiki ndicho kipimo ninachokiamini kuliko vyote. Aliyeletewa kitu siyo anataka kitu chake. Mwambie, "Rudisha hilo kwa basi la kesho, nikilipokea na kulikagua nakutumia la kijani cha chupa, nauli zote juu yangu," na kama kosa ni lako kweli, atashukuru na mzigo utarudi. Mwongo hataki kubadilishiwa, maana alilonalo ndilo alilolitaka. Ataanza kuzunguka: hana muda wa kwenda stendi, basi hawaaminiki, wewe tuma pesa kwanza. Mwisho wa mzunguko kuna sentensi moja inayojirudia kama kiitikio: "Basi nirudishie hata elfu ishirini, nitabaki nalo hivyo hivyo." Ukifika hapo unajua uko wapi. Ninaongeza tahadhari moja: yupo mteja mkweli atakayesema vivyo hivyo kwa sababu sherehe ni kesho na hana nguo nyingine. Tofauti ni kalenda. Yeye anaongea kabla ya Jumamosi.

Mzigo urudi kwanza, pesa ifuate. Msimamo huo usiulegeze, hata akitukana. Na ukirudi, usiufungue chumbani peke yako. Ufungue pale ofisi ya basi, mbele ya mtu, kamera ikiwa imewashwa.

Sheria inasemaje? Tanzania tuna Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214. Kenya wana ya kwao, Sura ya 31. Zote mbili ni watoto wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1893, ndiyo maana zinafanana kama mapacha. Zinasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo lazima ilingane na maelezo. Hapo mteja yuko juu, na yale maandishi ya kwenye risiti, "mali ikishauzwa hairudishwi," hayampi mtu ruhusa ya kuahidi hiki akapeleka kile. Tena mteja mwenye haki ya kukataa mzigo halazimiki na sheria hiyo kuubeba akurudishie. Inatosha akujulishe kwamba ameukataa. Ndiyo maana nimesema nauli iwe juu yako pale kosa linapokuwa lako. Lakini sheria hiyo hiyo inasema mnunuzi akishapata nafasi ya kukagua, kisha akakitumia kitu kama mali yake, au akakaa nacho muda mrefu bila kusema neno, anahesabiwa amekikubali. Kuvaa gauni sendoff na kupiga nalo picha na kamati nzima ni kulikubali. Na kwa sheria ya ushahidi, anayedai ndiye mwenye kuthibitisha.

Mazungumzo ya WhatsApp nayo yana uzito. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015 inakataza ushahidi kutupwa kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Mahakama itaangalia ulitengenezwa na kutunzwa vipi. Kwa hiyo hifadhi mazungumzo yote, mwanzo hadi mwisho. Skrinshoti tatu ulizozichagua zitaulizwa zilizobaki ziko wapi. Na kama umewasha ujumbe unaojifuta wenyewe kwa wateja, uzime leo.

Ila tuwe wakweli. Kwa elfu themanini na tano hakuna atakayemfuata mtu Mbeya kwenda Mahakama ya Mwanzo. Nauli, kulala na siku za duka kufungwa vinazidi gauni. Wakenya wana unafuu: Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja za Kenya na inatakiwa kumaliza ndani ya siku 60. Kwa muuzaji wa simu na laptopu hilo ni jambo la maana. Kwa gauni, hata huko, watu wanapiga hesabu na kuacha. Ukijua hivyo, ushahidi wako unaulenga kwa mtu mwingine: kwa wasomaji wa maoni chini ya picha yako, na kwa huduma kwa wateja wa mtandao wa simu.

Maana huko nako anaweza kwenda. Mteja anapiga 100 na kusema, "Nimekosea kutuma pesa." Kenya anatuma ujumbe wa muamala kwenda 456. Pesa iliyobaki kwenye laini yako inaweza kuzuiwa wakati wanachunguza, nawe unashangaa salio limekwenda wapi. Aliyelipa kwa lipa namba ana kazi ngumu zaidi ya kudai alikosea, kwa kuwa jina la biashara lilimtokea kabla hajaweka namba ya siri. Ukipigiwa na mtandao, usifoke. Toa oda yake, ile "sawa, ndiyo hilo" yake, risiti ya basi, na ujumbe wake wa Jumatatu, ambao wenyewe unakiri kwamba alinunua. Mtu hawezi kuwa alikosea namba na papo hapo kaletewa rangi siyo.

Na akikuandika vibaya hadharani? Jibu mara moja tu, kwa ufupi: "Dada, gauni ulilithibitisha kwa video kabla ya kutumwa. Tumekuomba ulirudishe kwa nauli yetu tukubadilishie, bado tunasubiri." Basi. Msomaji wa tatu, yule ambaye hajanunua bado, anaona nani anataka kumaliza jambo na nani anakwepa. Usiingie kwenye mabishano ya saa sita usiku. Na tafadhali, acheni hii tabia ya kuwaanika wateja: picha yake ya sendoff, namba yake ya simu, jina la ofisi anayofanyia kazi, vyote kwenye status na maneno "mwizi huyu hapa." Najua inaburudisha moyo. Lakini Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeanza kufanya kazi Tanzania tangu Mei 2023, na namba aliyokupa ili upeleke mzigo hakukupa ili uitangaze. Kenya, mwaka 2023 huo huo, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kupandisha mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Yule hakuwa hata ameitwa mwizi. Ukimwita mtu mwizi bila hukumu ya mahakama, ongeza na kesi ya kashfa juu yake.

Inabaki hesabu. Kuna mara utaona ni nafuu kumpa mtu pesa yake aende, hasa kama ushahidi wako ni dhaifu: hukupiga picha, ulimtuma winga, lebo hukufunga. Lipa kwa hiari, ukijua unalipia uzembe wako. Ninachokikataa ni kulipa ile elfu ishirini ya kunyamazisha, wakati una ushahidi wote, kwa kuogopa maoni. Habari ya duka linalolipa kwa kutishwa inasafiri haraka kwenye magrupu ya kamati za harusi, na Jumatatu ijayo ujumbe utakuwa wa mtu mwingine, labda wa kamati ile ile.

Na huyu wa kwanza ataagiza tena. Usicheke, wanaagiza tena, baada ya miezi miwili hivi, kwa namba mpya, sherehe ya shemeji. Ukimtambua, muuzie, pesa yake haina kinyongo. Ila gauni halipandi basi. Muulize ana ndugu gani Dar, ndugu huyo aje dukani mwenyewe, alikunjue, aitazame rangi mchana nje kwenye jua, asaini kwenye daftari, alipe, aondoke nalo mkononi.